Juu ya Nini Bazumi Habana Masikio

Nianze na masikio, juu batu banasemaka bongo mingi. Bazumi habana masikio juu ya stensili. Basi. Ile karatasi ya nta yenye tulikuwaka tunachorea, ukipitisha kalamu ya chuma moja kwa moja, inakubali. Ukiizungusha fasi ndogo, inapasuka, na ukurasa yote imekufa. Sasa sikio, angalia ya jirani yako, ni mizunguko ndani ya mizunguko. Cyprien, bwana yangu, alipasua stensili, akapasua ingine, na Papa Grégoire, mwenye mashini, alikuwa anamuangalia na jicho mubaya. Njo Cyprien akasema hawa ni batu ba ku nyota, nani alibaona, tubaache bila masikio. Hakuna siri ingine. Banafunzi benye balikuja kisha na falsafa yao, nilibaacha baongee.

Ilikuwa mu miaka ya Zaïre. Tulikaa Bukavu, mu Nyawera, nyuma ya soko. Cyprien alikuwa fundi wa kuandika bibao bya maduka: kinyozi, fundi saa, bia ya baridi na picha ya chupa yenye jasho. Bazumi, kitabu yetu ya picha ya kuchekesha, ilikuwa kazi ya kisha kazi. Papa Grégoire alikuwa na mashini ya roneo mu chumba nyuma ya duka yake, anachapa mialiko ya ndoa na matangazo ya kifo, na kila mara karatasi inabaki, tunachapa Bazumi. Ilikuwa kurasa kidogo tu, tunazishona na uzi, na bamaman ba soko banaziuza pembeni ya sambaza, bale samaki badogo ba ziwa. Cyprien alichora. Mimi, Eulalie, niliandika maneno mu ile mifuko nyeupe yenye inakaa juu ya kichwa ya batu, juu mwandiko ya Cyprien ku kibao kubwa iko safi, lakini ku karatasi ndogo, kuku anachakura vizuri kuliko yeye. Jina yetu hatukutiaka. Nani angetusifu, na batu bote ba soko banatujua?

Bazumi balishuka juu ya ziwa mu sahani ya chuma, na kazi yao ilikuwa kushangaa. Moja alienda kununua maharagi, maman akamupimia na kopo yenye chini imebonyezwa, na Muzumi akamushukuru na akamupa sahani yake ya kurukia. Bengine balipelekwa ku salongo, ile kazi ya lazima ya Siku ya Posho, Jumamosi, bakashika jembe ku upande ya chuma, bakalima na mupini. Batu balicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, na mimi njo nilikuwa naandika.

Kisha bakaanza kuuliza. Maman Séraphine, muuzaji wa sambaza, mwanamuke wa sauti kubwa, alimusimamisha Cyprien katikati ya soko: kama habana masikio, banasikia namna gani, na nani alibakata? Mwanafunzi moja alitoka Walungu na miguu kuja kuuliza kitu ile ile. Cyprien angesema "stensili" na mambo ingeisha. Lakini mwenye kuchora iko na kiburi kuliko mwenye kuimba. Alibajibu eti atachora mwanzo ya Bazumi, ile wakati bado balikuwa kwao, mbele ya kuja huku, na kila mutu atajua. Akarudi ku nyumba na uso ya mutu mwenye ameuzisha ng'ombe yenye hana.

Sasa ninyi batoto ba leo, inafaa nibaelezee kitu ya majina, juu bila ile hamutasikia kitu. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kikristo. Cyprien, Eulalie, Domitille mutoto wetu, ile yote ilikuwa sasa majina ya Bazungu, ya kuficha. Kila mutu aende ku biro, ajiandikishe na jina ya babu zake. Cyprien akaenda akachukua jina ya baba yake, mwenye alikuwa amekufa. Hakufikiri. Alirudi na furaha kunionyesha kitambulisho, na mimi nikaketi chini. Juu kwao Nyangezi, namna mama mukwe wangu alinipokea na kunifundisha, muke hatajake jina ya baba mukwe. Akiwa mu kiti ao akiwa mu kaburi, ile jina haitoke mu kinywa yako. Ni heshima, na ni woga pia, sitadanganya. Na bwana yangu alikuwa ameivaa sawa shati.

Nilimuuliza anataka nimuite nani sasa. Akacheka, akasema nimuite vile nilizoea. Basi mu nyumba, dirisha ikifungwa, ilikuwa Cyprien. Inje, mukubwa wa mutaa akiniuliza bwana yangu, nilisema Baba Domitille, na majirani benye balijua sababu balikuwa banachekea mu mukono. Jina ya karatasi sikuitaja ata siku moja. Na hapa pia sitaitaja.

Ilikuwa mu ile wakati Cyprien alichora mwanzo ya Bazumi. Kwao, zamani, Bazumi balikuwa na masikio makubwa sawa majani ya ndizi, mistari mbili tu, stensili ikakubali. Balikaa pembeni ya ziwa, kila moja na jina yenye mama yake alimupa. Kisha Sauti ikakuja. Haikuwa na mwili. Ilikaa juu ya mawingu, sawa Rais mu televizyo. Mwanzo ilibasifu, ikabafundisha kuichezea ngoma asubuhi na jioni, na balipenda. Kisha ikatuma batu bapole kupita mu kila nyumba kuuliza majina, na balipokelewa na chai. Kisha ikaanza kuita. Ilikuita na sauti ya mama yako, ao ya bibi yako, muke wako wa ndoa, nyuma ya mulango. Ukiitika "niko hapa," unatoka, na viatu byako binabaki pale ku mulango. Ukurasa moja muzima ilikuwa viatu tu. Niliichukia ile ukurasa, na nilimuambia.

Njo mwanamuke moja, mufinyanzi, akachukua udongo ya chungu akaziba masikio ya batoto yake. Udongo ikakauka. Batoto benye balizaliwa kisha balikuja na kichwa laini, bila masikio, na Sauti ikaita, ikaita, hakuna mutu wa kuisikia. Lakini kulikuwa na bengine benye balikataa udongo, juu balitaka kusikia batoto yao bakilia. Hawa balikuwa na dawa moja tu, na Cyprien aliniambia niiandike na herufi kubwa: "Sauti inajua jina ya karatasi. Haijui jina ya nyumba. Bibi yako akikuita na jina yenye hajakuitaka, usiitike. Si yeye."

Nilimuambia hii ni sisi. Akasema kwani kuna batu bengine benye yeye anabajua vizuri? Alikuwa anacheka. Nikaandika.

Siku kitabu ilitoka, hakuna mutu alicheka, lakini iliuzwa yote mu asubuhi moja. Maman Séraphine aliniambia alisoma na dada yake, na kisha balitoa ile kitu inje ya nyumba, habakutaka kulala nayo. Mama mukwe, mwenye hasomake, nilimusomea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hii haiko mambo ya nyota, ku kijiji kila mutu anajua usiitike sauti yenye kukuita mara moja tu.

Mu Nyawera ikageuka tabia. Unaita mutu mu mugongo, hageuke. Anangoja asikie utasema nini kisha. Mwanzo ilikuwa muchezo wa batoto, kisha wa vijana, kisha haikuwa muchezo tena. Siku moja ku salongo, mukubwa wa mutaa akaanza kuita majina ya karatasi, na wanaume bakasimama na majembe, kimya, kila moja anaangalia miguu yake. Akarudilia. Kimya. Hakuna mutu alipanga ile, naapa. Jasho ikamutoka mukubwa mu paji ya uso.

Kisha bakaanza kuinunua batu ba abakosti, ile koti ya serikali yenye haivaliwe na tai, bale benye habanunuake kitu ku soko yetu. Moja wao, mutu mupole wa miwani, aliingia mu duka ya Papa Grégoire, akasifu mashini, akauliza ile Sauti ya juu ya mawingu ni nani. Papa Grégoire akaapa kwa Bikira Maria ni Sauti ya Bazumi tu. Na mwenye kuchora? Papa Grégoire akasema yeye ni mashini, mashini haijue mutu. Alikuwa muwoga, lakini hakutuuza, nitamusifia ile mpaka nikufe. Kesho yake duka ilikuwa imefungwa, na bakatuambia ameenda Walungu, dada yake ni mugonjwa. Ule dada aliugua kila mara hatari inakaribia, masikini.

Nilimuambia Cyprien tuende na sisi. Akasema kukimbia ni kuitika. Nikamuambia sikio ya kufa haisikie dawa, na sikuwa ninacheka, nilikuwa na hasira ya kweli, nilipiga sufuria chini na maharagi ndani. Akainama akaokota sufuria, akaokota maharagi. Akaniambia yeye alichora batu ba ku nyota, na kama kuna mutu hapa chini mwenye anajiona ndani, ile ni shida ya ule mutu. Nilitamani kumupiga. Nilimupenda, njo sababu.

Bakakamata mafundi ba bibao bote ba Nyawera, muchana, siku moja, juu habakujua nani kati yao njo mwenye kuchora. Habakuita mutu na jina. Cyprien alikuwa juu ya ngazi, anaandika kibao ya famasi, na balitikisa tu ngazi.

Nyumba yenye balibapeleka ilikuwa chini, karibu na ziwa, ukuta murefu, hakuna kibao. Sisi bibi ba mafundi tulikaa inje ku majani. Mutu anatoka, anaita mwanamuke moja, anaingia. Bibi ya Ignace aliingia analia, akatoka na Ignace, anachechemea lakini anatembea na miguu yake. Tulimurukia: balikuuliza nini? Akasema habamuulizi kitu. Banakuweka mbele ya mulango ya chuma, unamuita bwana yako na jina ya karatasi, anaitika, unamubeba. Ni ile tu? Ni ile tu. Bamama bakaanza kuimba pale pale ku majani, mikono juu. Mimi nikabaki nimekaa. Clémence, bibi ya fundi mwenzake Cyprien, alinishika bega. Alijua.

Balipoita mimi, niliona ni ule mutu wa miwani. Alikuwa na meza ndogo mu kiwanja, chini ya jua, na alinisalimia vizuri na salamu ya serikali, citoyenne, mama raia, karibu. Akauliza bwana yangu anaitwa nani. Nikasema Cyprien. Akasema mu Zaïre hakuna Cyprien. Nikasema Baba Domitille. Akasema Bukavu imejaa baba. Nikafungua kinywa nitaje ile jina, kweli nilifungua, na ulimi ikakataa. Haikuwa kichwa, ilikuwa ulimi. Akaningojea bila hasira, kisha akasema nirudi kesho, lakini kesho njo mwisho, ile siku kamyo, lori ya basoda, itabeba benye balibaki, na fasi inaenda, habaelezake bibi.

Nilipanda Nyangezi. Tonton Stanislas, ndugu mudogo ya baba mukwe, yeye angeweza kuitaja bila shida yoyote. Nilimuomba aende aite mu fasi yangu, akashikwa na homa palepale, mbele ya macho yangu, na akajifunika blanketi. Nilimuambia Mungu amuponye, na haikutoka mu moyo hata kidogo. Nikaingia kwa mama mukwe. Alikuwa anachambua mboga. Nikamuelezea yote, na nikamuona anaelewa mbele nimalize. Ni mutoto yake wa tumbo. Akaweka mboga chini.

"Ile jina niliishi nayo mpaka nikazeeka," akasema, "nikazaa nayo, nikaizika, na sikuitaja. Leo nakupa ruhusa. Kama kuna kosa, ianguke juu yangu. Enda uite mutoto wangu."

Akaniwekea mukono ku kichwa, na tukalia sisi mbili, bila haya. Nilishuka barabara ya Bukavu na mukono yake bado inawaka ku kichwa yangu, nikiijaribu ile jina kimya kimya mu meno.

Kesho yake, ku majani, nilikuwa peke yangu. Bengine bote balikuwa bamebeba bwana zao. Ata Clémence. Mu kiwanja, kamyo ilikuwa imegeuzwa, nyuma iko ku mulango ya chuma. Mutu wa miwani akanipa chai. Niliikunywa, juu mikono yangu ilihitaji kushika kitu. Akaniambia pole pole masharti: jina ya karatasi, hakuna ingine. Nikitaja ile ingine, jina ya Bazungu, ananifungia pamoja naye. Akiitika, namubeba.

Nikasimama mbele ya mulango na nikaitaja. Kwa sauti kubwa, jina ya baba mukwe, yote, mbele ya basoda na bunduki yao, na jua, na ziwa. Sikukufa. Nilisikia aibu kubwa sana, sawa mutu mwenye amevuliwa nguo mu soko, na nyuma ya ile aibu, furaha, juu nilikuwa nimeweza.

Kimya.

Nikaita tena, kwa nguvu. Nikasikia mutu anakohoa ndani, kikohozi kavu ya terebentini ya kuchanganya rangi, ile yenye niliisikia kila asubuhi tangu tuoane. Alikuwa pale, mulango tu ilikuwa kati yetu. Nikaita tena, nikiongeza ni mimi, ni bibi yako. Kikohozi ikanyamaza. Njo nikaelewa. Alikuwa ananisikia. Alikuwa amesimama mule mu giza anajikaza asiitike, anajua bibi yake hawezi, hata akichinjwa, kutaja ile jina. Alinijua vizuri kuliko vile mimi nilijijua. Ni mimi niliandika ile maneno na mukono yangu.

Mutu wa miwani hakukasirika. Akasema basi, bwana yangu haiko, kamyo itabeba huyu pamoja na shida yake. Akainua kidole, na shofere akawasha mashini.

Nikapiga kelele.

"Cyprien! Cyprien, ni mimi!"

Hakuna mutu alinizuia. Soda mwenye alikuwa pembeni yangu hakusogea. Ule mwenye alisema atanifungia, aliweka kikombe chini na akainamisha kichwa, anasikiliza, na shofere akazima mashini ili tusikie vizuri.

"Eulalie?" Sauti ya Cyprien ilikuwa ya furaha. "Niko hapa! Niko hapa!"

"Bengine bote baliitika bibi zao na jina ya karatasi," mutu wa miwani akamuambia soda, na upole ile ile. "Huyu peke yake alingoja jina ya nyumba. Njo yeye mwenye kuchora. Fungua."

Mulango ikafunguliwa. Cyprien akatoka anacheka, macho yamefinywa na jua, mikono mbele, anakuja kwangu.